Mwenye Nyumba Aliyekataa Haraka

Swali la kwanza aliloniuliza mwenye nyumba wangu, kabla hajauliza jina wala kazi, lilikuwa hili: kwenu watu wanakula nini siku ya Jumatatu?

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, Mount Druitt, magharibi ya Sydney, Australia, na begi moja begani. Tangazo la chumba nilikuwa nimeliona kwenye duka la Mkongo anayeuza unga wa muhogo. Nikamjibu kwamba kwetu Morogoro Jumatatu ni kama siku nyingine, tunakula ugali.

"Ugali na nini?"

"Na kilichopo, Mama."

"Kilichopo huwa nini?"

Nikafikiri. Kwetu niliondoka nina miaka kumi na minne, darasa la sita nimeliacha njiani, nikapita migodini, kwenye malori, kwenye jiko la meli ya makontena, nchi tisa kabla ya hii. Ningeweza kumtajia kila kituo cha malori kati ya Tunduma na Durban. Lakini Jumatatu ya nyumbani haikunijia.

"Basi kwenu bado hujafika," akasema, akanipa ufunguo. "Chumba ni cha nyuma. Na usikimbie kwenye korido, kuna mtu anafikiri."

Mtu aliyekuwa anafikiri alikuwa yeye.

Alikuwa Mkenya, lakini miaka yake ishirini ya ujana ilipitia kando ya bahari ile iliyo kati ya Afrika na Ulaya, Mediterania, akifanya kazi za ndani na kulea wazee. Alianzia Beirut, akaenda Kupro, kisha Krete, akamalizia Sisilia. Mtu mwingine angekwambia amefanya kazi nchi nne. Yeye alikuwa anakwambia amejua Jumatatu nne. Jumapili, kwa maoni yake, ni siku ya uongo: watu wanapika kwa ajili ya macho, meza zinapambwa, hata maskini anachinja. Ukitaka kuwajua watu, ingia jikoni mwao Jumatatu. Beirut ilikuwa dengu na wali, juu yake vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi. Kupro, maharage. Krete, majani ya porini yaliyochemshwa, yakamwagiwa mafuta ya zeituni na limau, pamoja na mkate mkavu wa shayiri mgumu kama tofali. Sisilia, tambi zilizobaki Jumapili, zinakaangwa kwenye kikaango mpaka zishikane na kufanya ukoko.

"Na huo ukoko," aliniambia, "wanaugombania watu wazima wenye vyeo vyao. Nimemwona hakimu akimpiga kaka yake mkono kwa uma."

Nyumba yake ilifuata kalenda hiyo. Jumatatu ya kwanza nilikuta dengu, ya pili maharage, ya tatu majani, ya nne ukoko. Jumatatu ya tano aliniita jikoni, akanipa mwiko, akasema, "Leo ni zamu ya Morogoro." Nikalazimika kumpigia simu dada yangu ambaye tulikuwa hatujaongea muda mrefu, kumuuliza Jumatatu nyumbani tulikuwa tunakula nini. Dada alicheka mpaka akakohoa. "Mlenda na dagaa, wewe mpumbavu! Umepiga kutoka Australia kuniuliza hilo?" Tangu siku hiyo tukawa tunaongea kila wiki.

Haraka aliichukia kama wengine wanavyochukia mende. Mimi nilikuwa naendesha gari la kusambaza mizigo ya bohari moja kule St Marys, kazi ya kukimbia mlango hadi mlango, na nilikuwa nimezoea kuingia nyumbani bado ninakimbia. Alikuwa akinisimamisha mlangoni. "Rudi nje uingie tena." Na mimi, mtu mzima, nilirudi nje nikaingia tena.

"Lakini wewe ni Mkenya, Mama," nilimwambia siku moja. "Ninyi ndio mnaotembea kama mmeibiwa."

"Ndiyo ujue dunia imepinduka! Mkenya anamfundisha Mtanzania kwenda polepole. Wenzako wakisikia watakunyang'anya pasipoti."

Sasa nikisema hakuwa na haraka, msije mkadhani alikuwa mtu wa kukaa kimya kama picha ukutani. Alikuwa anaongea mbio, anacheka mbio, na chakula chake mwenyewe, baada ya kukipika kwa saa nne nzima, alikula amesimama kando ya sinki kwa dakika tatu. Na kila mashindano ya magari yakionyeshwa kwenye televisheni, hakuna aliyeruhusiwa kugusa rimoti. Nilipomwambia hilo halilingani na mahubiri yake, alinitazama kwa huruma.

"Hebu waangalie vizuri. Wanazunguka, wanazunguka, halafu wanarudi palepale walipoanzia. Hao hawaendi popote. Hao ni watu wangu."

Safari zake za zamani zilikuwa za kumtia mtu wazimu. Kutoka Krete hadi Sisilia alitumia miezi kumi na moja. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachukua simu, nikaangalia ramani, nikamwonyesha.

"Kwa ndege ni saa chache tu, Mama."

"Najua."

"Ulikuwa unafanya nini miezi kumi na moja?"

"Nilikuwa njiani."

Njiani, kwake, maana yake ni kwamba aliosha vyombo kwenye nyumba ya wageni bandarini hadi mpishi akamfundisha kukausha pweza kwenye kamba ya nguo. Kisha mji mwingine, akachuma machungwa. Kisha mwingine, ambako basi la kwenda kijijini lilisimama kila siku mbele ya duka la mikate, dereva akashuka kuongea na muuza mikate, na abiria hawakununa, walishuka pia. Alikaa mji huo wiki sita ili ajue dereva na muuza mikate walikuwa wanaongea nini.

"Na ulijua?"

"Walikuwa wanabishana mkate wa jana ulikuwa na chumvi ya kutosha ama la. Kila siku! Wiki sita!" Alifurahi kana kwamba amenipa siri ya serikali.

Mimi nimepita nchi nyingi kuliko yeye, na sijui ugomvi wa mkate hata mmoja. Hilo liliniuma kidogo, nakiri, nikaanza kumsikiliza kwa makini zaidi.

Kisha ikaja korona, na mwaka wake wa pili mtaa wetu ukafungwa kwelikweli. Magharibi yote ya Sydney ilikuwa na masharti makali kuliko kwingine: barakoa hata barabarani, saa moja tu ya mazoezi kwa siku, usivuke kilomita tano. Mimi niliruhusiwa kuendesha gari la mizigo, lakini kila nikipumzika nilizunguka chumbani kama nyani wa kwenye tundu. Yeye alipokea tangazo kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua.

"Kilomita tano?" akasema. "Nyingi hizo. Kule Krete nilikaa mwaka mzima kwenye kilomita mbili, na sikumaliza."

Akanipeleka kuona. Kando ya uzio wa reli yalikuwa yamesimama magugu ambayo halmashauri huyanyunyizia dawa, na katikati yake, sehemu isiyofikiwa na dawa, akachuma majani fulani, akanipa. Yalikuwa mchicha. Mchicha wa pori, unajiotea Mount Druitt bila viza! Akasema Krete wanaukusanya huohuo, wanauchemsha, limau, mafuta, basi. Jirani yetu Mkongo, mama mmoja mnene aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alipotuona tumeinama akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Lakini ile ni lengalenga!" akapiga kelele. "Miye naishi hapa miaka saba nanunua lengalenga kwa duka, na iko hapa bure? Munaipika namna gani?"

"Kwa limau na mafuta ya zeituni," mwenye nyumba akamwambia.

"Limau? Bila mawese? Bila samaki? Ah non, Mama, munaitesa."

Jioni hiyo vyungu viwili vilipitishwa juu ya uzio, kimoja kikienda, kingine kikija, na kila upande ukajifanya umependa. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba wangu alimaliza cha mawese chote, akasimama kando ya sinki, dakika tatu.

Lakini kitu kilichomjulisha kwa mtaa mzima kilikuwa matembezi. Huko Sisilia, kila jioni, watu wanaoga, wanavaa vizuri, wanatoka nje na kutembea barabara moja huku na huku bila kwenda popote. Wanaonana, wanasengenyana, wanarudi kula. Yeye aliamua kwamba saa yetu moja ya mazoezi ya serikali ingetumika hivyo. Saa kumi na moja jioni akanigongea. Alikuwa amevaa gauni la kijani, viatu vyenye kisigino, mkoba mkononi, na chini ya barakoa amepaka rangi ya mdomo.

"Nani ataiona?" nikamuuliza.

"Mimi naijua ipo. Wewe kabadilishe hiyo fulana."

Siku ya tatu askari akatusimamisha. Kijana mpole, gari lake likitembea kando yetu, kioo kimeshushwa.

"Mnaenda wapi?"

"Hatuendi popote," mwenye nyumba akamjibu kwa Kiingereza chake chenye Kitaliano ndani.

"Basi itabidi mrudi nyumbani, mama. Kutoka ni kwa sababu maalumu tu."

"Tunafanya mazoezi."

Askari akaangalia viatu. Akaangalia mkoba. "Haya ni mazoezi?"

"Mwanangu, watu wamefanya mazoezi haya kabla nchi yako haijawekewa barabara."

"Labda mngetembea haraka kidogo, ili ionekane?"

"Nikitembea haraka nitakuwa nakwenda mahali," akamwambia. "Na kwenda mahali si mmekataza?"

Yule kijana alifungua mdomo, barakoa ikaingia ndani, ikatoka. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Akapandisha kioo, akaondoka taratibu sana, taratibu kuliko sisi.

Habari zikaenea. Makanisa yalikuwa yamefungwa na nguo za Jumapili zilikuwa zimening'inia kabatini miezi. Wiki iliyofuata mama Mkongo alitoka na mumewe, wote wawili wameshonewa kitenge cha aina moja, upande wa pili wa barabara. Kisha akatoka mzee mmoja Mfilipino mwenye tai na kandambili. Kila nyumba kwa umbali wake, barakoa usoni, mtaa mzima ukatembea huku na huku bila kwenda popote, tunasalimiana kwa mikono kama watu walio kwenye meli mbili. Sijawahi kusafiri namna ile. Nilijua nani amekata nywele mwenyewe, nani hawasemezani, nyumba gani inaunguza maziwa.

Saa moja kabla ya matembezi alikuwa na miadi ambayo hakuikosa hata mara moja. Saa kumi alasiri, ambayo Sisilia ni asubuhi, alimpigia simu ya video bibi wa huko ambaye yeye alimtunza miaka tisa. Bibi huyo alikuwa amepita miaka tisini, haoni vizuri, na simu aliiweka sikioni kama za zamani, kwa hiyo tulichokiona siku zote ni sikio, kubwa, lenye hereni ya dhahabu. Wawili hao walizozana kwa sauti za kutisha. Mimi nilidhani wanatukanana, kumbe wanaulizana wamepika nini.

Siku alipoondoka Sisilia kuja huku kwa binti yake, ambaye baadaye alihamia mji mwingine, bibi alimwambia: sitakufa kabla hujarudi, lakini usinicheleweshe. Ilikuwa mzaha, ila mwenye nyumba wangu aliushika kama kiapo. Na sasa Australia ilikuwa imefunga mlango kutoka ndani. Raia hakuruhusiwa kutoka nchini bila kibali, na kibali kilitaka sababu nzito. Kila wiki bibi alisema maneno machache kuliko wiki iliyopita.

Hapa ndipo naingia mimi na kosa langu. Fomu ya kibali ilikuwa ya mtandaoni, na mimi nilijitolea kuijaza, maana darasa la sita linatosha kubonyeza vitufe. Ikauliza: unayekwenda kumwona ni nani wako?

"Ni nani wako, Mama?"

"Swali gani hilo? Ni mama yangu."

Nikaandika: mama. Mimi mwenyewe nilikuwa namwita yeye mama, yeye alimwita bibi yule mama, mama Mkongo alimwita kila mtu mama. Hakuna kati yetu aliyeona tatizo. Baada ya wiki mbili ofisi ikajibu kwa adabu: tafadhali leteni cheti cha kuzaliwa.

Tulikaa mezani tukitazamana, Mkenya mweusi wa miaka sitini na kitu na mimi, tukiwaza ni cheti gani cha kuzaliwa kingemfanya mtoto wa Sisilia. Akaanza kucheka yeye, nikacheka mimi, tukacheka mpaka tukashika meza. Lakini tulipoandika barua kueleza kwamba si mama wa kuzaa, ni mama tu, ikasomeka kama watu waliosema uongo wakakamatwa. Ombi likakataliwa. La pili tuliandika rafiki, likakataliwa. Rafiki si ndugu. Siku hiyo hakucheka. Alichambua dengu, punje kwa punje, nami nikakaa naye kwa sababu nilijua ni mkono wangu ulioandika lile neno.

"Nisamehe, Mama."

"Kwa nini? Ulichoandika ni kweli."

Ndipo aliponiambia jambo ambalo hadithi zake zote zilikuwa zimelizunguka. Ile miezi kumi na moja ya kutoka Krete hadi Sisilia hakuichagua. Karatasi zake zilikuwa zimekwisha muda. Kila mji alikaa kwa sababu mji wa mbele alikuwa hana ruhusa ya kuingia.

"Mji wa kwanza nililia kila siku," alisema. "Mji wa pili nikajiambia, kama wamenikalisha, basi nitakaa kweli, hadi waone wivu. Watalii wanalipia kukaa vile. Mimi nilipewa." Akapuliza maganda. "Lakini kijana, usidhani sijui tofauti ya kukaa na kukalishwa. Sasa hivi nimekalishwa. Na yule hana miezi kumi na moja."

Mlango wa nchi ulifunguliwa mwezi wa kumi na moja. Furaha ilivyotushika! Mama Mkongo alipiga vigelegele juu ya uzio. Kibali hakikuhitajika tena, alikuwa na chanjo zote, na mimi nikajua tumemaliza. Kumbe hapana. Mwenye nyumba alitoa daftari lenye mpango wake: ndege mpaka Athene, kwa kuwa bahari ya huku hakuna meli ya abiria, halafu basi, halafu meli ya usiku kuvuka, halafu treni kushuka Italia yote, wiki tatu.

"Wiki tatu, Mama! Wewe mwenyewe umesema hana muda."

"Hawezi kufa. Ameniahidi. Na nikifika kwa ndege moja kwa moja nitafika mwili tu, mimi mwenyewe nitakuwa bado Mount Druitt. Nitamsaidia nini?"

Tulibishana siku nne. Mimi, mtu wa kuondoka, nilimwambia kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba mtu lazima afike. Hakunisikia. Akapiga pasi magauni polepole, akaweka tiketi ya Athene ya wiki inayofuata kwenye mlango wa friji.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Hakuwa bibi, alikuwa jirani yake wa huko. Mwenye nyumba alisikiliza amesimama katikati ya korido. Nilielewa neno moja tu, siku ya Jumatatu kwa Kitaliano, kwa sababu hilo alikuwa amenifundisha. Akakata simu.

"Hajala tangu Jumatatu," akasema. "Anageuza uso ukutani."

Kisha nikamwona akikimbia. Alikimbia kwenye korido ile ile, kwenda, kurudi, pasipoti, koti, dawa, viatu. Mimi nikatafuta kwenye simu: kulikuwa na kiti kimoja cha kupitia Doha hadi Roma, kinaondoka saa tisa alasiri. Ilikuwa saa tano na nusu, na bado alitakiwa kupimwa pua palepale uwanjani. Tukaingia kwenye gari la kazi, yeye mbele, sanduku nyuma kati ya maboksi ya watu.

Barabara kuu ilikuwa imejaa. Jiji zima lililofungwa miezi lilikuwa limeamua kutoka siku hiyo.

"Pita huyo," akasema.

"Mama, kuna kamera."

"Pita! Hiyo gari ina gia ngapi? Tumia zote! Wewe si ulisema umeendesha malori mpaka Durban, ulikuwa unayasukuma?"

"Huu ndio mwendo unaoruhusiwa, Mama."

"Kanyaga, bana, Mtanzania! Kanyaga!"

Nikakanyaga, ndani ya mipaka ya sheria na nje kidogo. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, mikono kwenye dashibodi, anasukuma. Uwanjani hakungoja nisimamishe gari vizuri. Alivua viatu vyenye kisigino, akavishika mkono mmoja, sanduku mkono wa pili, akakimbia kwenye sakafu ile inayong'aa, soksi zinateleza, watu wakimpisha. Nilipiga kelele nikimwambia safari njema. Hakugeuka.

Siku mbili hakukuwa na ujumbe. Nilisambaza mizigo ya watu nikiwa nimeweka simu juu ya usukani. Nyumbani sikupika. Mama Mkongo alileta sahani, akauliza kwa macho, nikatikisa kichwa.

Jumamosi jioni akapiga. Nilisikia kwanza kijiko kikigonga sahani, kisha sauti ya mzee ikifoka.

"Mama? Anakula?"

"Anakula na kulalamika. Supu haina chumvi, anasema. Nimewasha moto kabla sijavua koti."

"Nilidhani... Ulipoingia alikujua?"

"Alinijua kwa hatua. Nimepanda ngazi zile mbio, ghorofa tatu, jasho mpaka machoni, nimefungua mlango nikiwa nimeshika kifua. Akageuza uso kutoka ukutani. Unajua aliniuliza nini? 'Mbona unakimbia hivyo, kwani nani amekufa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini, kijana?" akasema, na nikamsikia akicheka huku akivuta hewa. "Pumzi ningeitoa wapi?"